Mfuniko na Mtandiko: Uhakiki wa Istilahi za Miamba ya Pande Mbili za Ufa

Utangulizi

Kiswahili kimekwisha kulipatia jina zuri umbo lililo kubwa kuliko yote katika ardhi ya Kenya, nalo ni Bonde la Ufa. Jina hilo limekubalika kiasi kwamba hata mtoto wa shule ya msingi hulitamka bila kusita. Lakini mtu akipiga hatua moja tu mbele ya jina hilo, akauliza mwamba ulio upande huu wa ufa unaitwaje, na ule wa upande wa pili unaitwaje, hapo lugha husita. Si kwamba Kiswahili hakina maneno. Maneno yamo tele. Linalokosekana ni uamuzi uliofikiriwa juu ya neno lipi lifae na kwa sababu gani.

Makala haya yananuia kuhakiki jozi nne za maneno yanayoweza kutumiwa kuitaja miamba hiyo miwili. Jozi ya kwanza hutokana na tafsiri sisisi ya Kiingereza. Ya pili hutokana na macho ya mtu aliyesimama mlimani. Ya tatu hutokana na nyumba. Na ya nne hutokana na kitanda. Hoja itakayotetewa ni kwamba istilahi hizi hazina budi kutaja uhusiano wa mwamba mmoja na mwenziwe, yaani upi umelala juu ya upi, wala zisitaje kimo cha mwamba wala sura yake. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Itadhihirika kwamba kosa katika jozi hii humfanya mwanafunzi aieleze kinyume historia ya bonde analoishi, na humfanya mchimba madini asijue ni mwamba upi autazame kwa hofu.

Kitu Chenyewe

Kabla ya kuhakiki jina, yapasa kitu chenyewe kieleweke. Ufa wa ardhi ni nadra kusimama wima kama mlango. Aghalabu huinama, ukaingia ardhini kwa mshazari kama kisu kinachokata papai upande. Kwa kuwa ufa umeinama, mwamba mmoja huwa umekaa juu ya uso wake na mwingine huwa umekaa chini ya uso huo. Mtu akichimba kisima kilichonyooka kutoka juu ya nchi mpaka akaukuta ufa, mwamba wote alioupita kabla ya kuufikia ni ule wa kwanza; akiuvuka ufa na kuendelea kuchimba, mwamba anaouingia ni ule wa pili. Kipimo hiki cha kisima ni chepesi na hakikosei, na kitarejewa mara kadhaa katika uhakiki huu.

Mshipa wa madini nao huwa na hali iyo hiyo, wala si kwa bahati. Nyufa huwa ni njia za maji ya moto yaliyoyeyusha madini. Maji hayo yakipoa, au mgandamizo wake ukipungua, madini huganda ndani ya ufa, na ufa hugeuka mshipa. Dhahabu ya Kakamega, ambayo iliwavuta wachimbaji wengi kuanzia mwaka 1931, ilipatikana katika mishipa ya namna hiyo, ndani ya jiwe jeupe la kwatsi. Mchimbaji anayeufuata mshipa ulioinama huutoa kidogo kidogo, na nafasi anayoiacha ndiyo anayosimama ndani yake. Mwamba mmoja humwelemea kichwani. Mwingine humbeba miguuni. Kwake yeye tofauti ya miamba hii si mjadala wa darasani, kwani ni mmoja tu kati ya hiyo miwili unaoweza kumwangukia.

Jambo la mwisho la kueleza ni mwendo. Ardhi ikivutwa pande mbili, mwamba uliokaa juu ya ufa huteleza kushuka. Ardhi ikibanwa, mwamba huohuo husukumwa kupanda. Ndiyo maana mtaalamu wa miamba, akitaka kujua kama nchi fulani ilivutwa au ilibanwa, huuliza swali moja: je, mwamba uliokaa juu ya ufa umeshuka au umepanda ukilinganishwa na ule ulio chini ya ufa? Swali hilo haliwezi kuulizwa, sembuse kujibiwa, kama miamba yenyewe haina majina yasiyobadilika iwapo mwamba utashuka au utapanda.

Lugha Nyingine Zilivyofanya

Waingereza husema 'hanging wall' na 'footwall'. Hadithi inayopendwa madarasani hueleza kwamba mchimbaji wa kale aliitundika taa yake kwenye mwamba wa juu, akaukanyaga ule wa chini. Iwe hadithi hiyo ni kweli au ni pambo, inaonyesha kwamba jina lilitokana na mtu aliyekuwa ndani ya shimo. Wajerumani husema 'Hangendes' na 'Liegendes', yaani kilichoelemea na kilicholala. Hawana ukuta katika majina yao. Wafaransa husema 'toit', yaani paa, na 'mur', yaani ukuta. Ajabu ni kwamba ukuta huo wa Mfaransa ni mwamba anaoukanyaga kwa miguu. Basi neno ukuta kwa Mwingereza ni pande zote mbili, kwa Mfaransa ni upande mmoja tu, na kwa Mjerumani halimo kabisa. Hakuna kati ya hao aliyelazimishwa na mwamba wenyewe kusema alivyosema. Kila mmoja alichagua picha kutoka katika maisha yake, na picha hiyo haina haki ya kumtawala mwingine.

Yafaa pia kukumbuka kisa cha Georgius Agricola. Mganga huyu Mjerumani alifanya kazi katika mji wa machimbo wa Joachimsthal kuanzia mwaka 1527, akawatembelea wachimbaji na kuwauliza habari za kazi yao. Kitabu chake kikuu juu ya uchimbaji wa madini kilichapishwa Basel mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Agricola aliandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa zama zake, nayo haikuwa na maneno ya mambo mengi aliyoyaona machimboni. Ilimbidi ayabuni, na aliyabuni huku akijua vyema kitu alichokuwa akikitaja. Mwaka 1557 ilitoka tafsiri ya Kijerumani iliyofanywa na Philipp Bech, mwalimu wa chuo kikuu cha Basel. Mfasiri huyo alizijua lugha zote mbili, lakini kazi ya machimbo hakuijua. Mwaka 1912 kitabu hicho kilipotolewa kwa Kiingereza na Herbert Hoover, mhandisi wa migodi ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, pamoja na mkewe Lou Henry, aliyesomea elimu ya miamba, wawili hao waliishutumu vikali tafsiri ya Bech kwa sababu hiyohiyo.

Funzo lake kwa Kiswahili ni dhahiri. Agricola alikuwa na lugha isiyokuwa na maneno, lakini alifaulu kwa sababu alianza na kitu. Bech alikuwa na lugha yenye maneno yote ya wachimbaji, kwani Kijerumani kilikuwa ndicho lugha yao, lakini aliteleza kwa sababu alianza na neno.

Jozi ya Kwanza: Ukuta Unaoning'inia na Ukuta wa Mguu

Mfasiri anayeanza na neno la Kiingereza hufika kwa urahisi katika 'ukuta unaoning'inia' na 'ukuta wa mguu'. Kila neno katika jozi hii ni la Kiswahili, lakini jozi yenyewe haisemi Kiswahili.

Kwanza, kitenzi ning'inia. Katika Kiswahili kinachoning'inia ni kile kilichoshikwa juu huku chini yake pakiwa hewa tupu, na ambacho chaweza kuyumba: embe mtini, popo pangoni, kamba kisimani. Mwamba unaohusika hapa hauyumbi wala haukutungikwa. Umelala kwa uzito wake wote juu ya uso wa ufa, na katika ufa usiokuwa na mshipa uliochimbwa hakuna hata nafasi ya kupitisha kisu kati yake na mwenziwe. Kwa hiyo kitenzi hicho kinaeleza kinyume cha hali ilivyo.

Pili, neno ukuta. Ukuta hujengwa, tena husimama. Mtu akisikia kwamba anaukanyaga ukuta, atadhani ukuta umeanguka. Mwingereza aliweza kusema hivyo kwa sababu neno lake hilo lilikwisha kuzoea kutaja upande wowote wa tundu, hata la mwili. Kiswahili hakikulipanua neno ukuta kwa namna hiyo. Na 'ukuta wa mguu' ni jina gumu zaidi, kwa kuwa halielezi kama mguu ni wa ukuta au wa mtu. Methali husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jozi hii mfasiri amejenga kuta mbili, na ufa ameuacha palepale.

Kosa hili ni ndugu wa lile la kuuita ufa wa ardhi 'kosa' au 'hitilafu' kwa kuwa neno moja la Kiingereza hubeba maana zote. Ardhi haikukosea ilipopasuka. Heri Kiswahili kilikuwa tayari na neno ufa, na Bonde la Ufa likalilinda.

Jozi ya Pili: Upande wa Juu na Upande wa Chini

Mtu anayeikataa tafsiri sisisi huweza kusema: kama mwamba mmoja uko juu ya ufa na mwingine uko chini yake, basi na uitwe upande wa juu na upande wa chini. Wazo hili lina akili, na katika mgodi wenye mshipa mmoja laweza kutosha. Lakini likipelekwa nje ya mgodi huzaa upotofu mkubwa.

Na achukuliwe mwanafunzi aliyesimama Iten, ukingoni mwa magenge ya Elgeyo, mahali penye kimo cha mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake, kuelekea mashariki, ardhi inakatika ghafla, na Bonde la Kerio linaonekana zaidi ya mita 1,000 chini ya miguu yake. Akiulizwa upande wa juu wa ufa ni upi, atajibu bila kusita kwamba ni huu aliosimama yeye. Jibu hilo ni kosa. Ufa wa Elgeyo umeinama kuelekea mashariki, ukapita chini ya Bonde la Kerio. Kisima kikichimbwa bondeni, na kikachimbwa kwa kina cha kutosha, kitapita katika mwamba wa bonde kwanza, kisha kitaukuta ufa, kisha kitaingia katika mwamba uleule uliobeba Iten. Kwa hiyo mwamba uliokaa juu ya ufa ni ule wa bondeni. Umekaa juu ya ufa, lakini umeshuka. Neno juu linataja mambo mawili hapa, na mwanafunzi amechukua lile lisilotakiwa.

Wala mkanganyiko huu si wa mwanafunzi peke yake. Jinsi Bonde la Ufa lilivyoumbwa ni suala lililobishaniwa na wataalamu kwa miaka mingi. J. W. Gregory, aliyesafiri katika bonde hilo mwaka 1893 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1896, alishikilia kwamba ardhi ilivutwa na kupasuka, na ukanda wa katikati ukazama. Katika miaka ya 1920 E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya uchunguzi wa miamba ya Uganda, alitoa rai tofauti kuhusu bonde la Ziwa Albert: kwamba ardhi ilibanwa, na nyanda za pande mbili zikasukumwa kupanda juu ya kingo za bonde. Bailey Willis wa Marekani aliiunga mkono rai ya mbano katika kitabu chake cha mwaka 1936, na mwaka huohuo E. C. Bullard alifikia hitimisho la namna hiyo kwa kupima nguvu ya mvutano wa dunia katika Afrika Mashariki. Uchunguzi wa baadaye, wa matetemeko ya ardhi na wa visima vilivyochimbwa kwa kina, umeonyesha kwamba ardhi ilivutwa, na hata leo inaendelea kuachana kwa milimita chache kila mwaka.

Mgogoro huo wote waweza kufupishwa katika swali moja: katika ukingo wa bonde, ni mwamba upi uliolala juu ya mwenziwe? Kama ardhi ilivutwa, ufa umeinama kuelekea bondeni, na mwamba wa bonde ndio uliolala juu. Kama ardhi ilibanwa, ufa umeinama kuelekea nyandani, na mwamba wa nyanda ndio uliolala juu. Sasa na ajaribu mtu kuueleza mgogoro huo kwa kutumia upande wa juu na upande wa chini. Katika rai zote mbili nyanda ziko juu na bonde liko chini; hilo hakuna aliyelibisha. Basi jozi hii haiwezi kutaja jambo lenyewe lililobishaniwa. Msomaji wa Kiswahili atakayeisoma historia ya bonde lake kwa istilahi hizi atadhani kwamba wataalamu hao waligombana bure.

Jozi ya Tatu: Dari na Sakafu

Jozi hii ndiyo bora katika zile tatu za mwanzo, na yastahili kuhukumiwa kwa uangalifu. Dari na sakafu ni maneno yanayojulikana pwani na bara. Yanamweka mtu ndani ya chumba, kama vile mchimbaji alivyo ndani ya shimo. Aidha neno dari linakumbusha hatari, kwa kuwa dari ya nyumba za kale za pwani ilishikiliwa kwa boriti, na kila mtu alijua kwamba boriti zikioza dari hushuka. Mgodi nao hushikiliwa kwa miti. Hapana shaka mchimbaji akiambiwa aangalie dari atainua macho mara moja.

Pamoja na sifa hizo, jozi hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba dari na sakafu ni sehemu za chumba, si majina ya miamba. Kila njia inayochimbwa chini ya ardhi huwa na dari yake na sakafu yake, popote ilipochimbwa. Katika migodi mingi mashimo makuu na njia za kupitishia mawe huchimbwa kusudi katika mwamba ulio chini ya mshipa, kwa sababu mwamba huo hautikisiki sana madini yanapoondolewa. Njia kama hiyo imezungukwa na mwamba wa sakafu pande zote, hata kichwani. Mhandisi anayetaka kuieleza atalazimika kusema 'dari ya sakafu', na fundi anayemsikiliza hatajua atazame wapi.

Kasoro ya pili hujitokeza katika jiografia. Ni kawaida kuuita uwanda wa chini wa bonde sakafu ya bonde, kama vile husemwa sakafu ya bahari. Lakini kama ilivyoelezwa, uwanda huo ndio mwamba uliolala juu ya ufa. Kwa istilahi hizi, basi, sakafu ya Bonde la Kerio itakuwa dari ya ufa wa Elgeyo. Sentensi hiyo yaweza kutetewa na mjuzi, lakini haiwezi kufundishwa.

Jozi ya Nne: Mfuniko na Mtandiko

Jozi inayopendekezwa hapa haikutoka katika kamusi ya lugha ngeni. Imetoka katika tofauti ambayo kila nyumba ya Waswahili huijua: shuka ya kutandika na shuka ya kujifunika. Hakuna anayezichanganya, hata kama zimekatwa katika jora moja. Ya kwanza huwekwa chini ya anayelala. Ya pili huwekwa juu yake. Mshipa wa madini umelala kati ya miamba miwili kama mtu alivyolala kati ya shuka mbili. Basi mwamba ulio juu ya mshipa au ufa na uitwe mwamba mfuniko, na ule ulio chini yake uitwe mwamba mtandiko. Katika mazungumzo, mfuniko na mtandiko pekee yatatosha.

Maneno yote mawili yamo katika lugha tangu zamani. Mfuniko hutaja kinachofunika, kama ule wa chungu. Mtandiko, au kwa wingi matandiko, hutaja vitu vinavyotandikwa kitandani, na pia vile anavyowekwa punda mgongoni kabla ya kupandwa. Katika matumizi yote hayo mtandiko huwa chini ya kitu kingine, na mfuniko huwa juu ya kitu kingine. Yaani maneno haya hayasemi kitu kiko kimo gani. Husema kiko juu ya nini au chini ya nini. Sifa hiyo ndiyo iliyokosekana katika jozi ya pili.

Na jozi hii irudishwe Iten. Mtu aliyelala kitandani akigeuka usiku, shuka aliyojifunika yaweza kuteleza mpaka ikafika chini. Asubuhi shuka hiyo itakuwa chini kuliko kitanda, lakini hakuna atakayesema kwamba imegeuka ya kutandika. Bado ni ile ya kujifunika, ila imeteleza. Ndivyo ilivyo Bonde la Kerio: ni mfuniko ulioteleza kutoka juu ya mtandiko wake. Mwanafunzi akielezwa hivyo hatashangaa tena kwamba mwamba uliolala juu ndio unaoonekana chini. Na mgogoro wa Gregory na Wayland utaelezeka kwa sentensi moja: Gregory alisema kwamba mfuniko ni bonde, nao umeshuka, Wayland alisema kwamba mfuniko ni nyanda, nao umepanda.

Ile njia iliyochimbwa katika mwamba wa chini nayo haileti taabu. Ni njia iliyo ndani ya mtandiko, na ina dari yake na sakafu yake kama njia yoyote. Maneno dari na sakafu yanabaki na kazi yao halali ya kutaja sehemu za chumba, na miamba inabaki na majina yake.

Pingamizi zaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba katika ufa usiokuwa na mshipa hakuna aliyelala kati ya shuka hizo. Ni kweli, lakini kitanda kilichotandikwa na kufunikwa kikisubiri mgeni bado kina shuka ya chini na ya juu. Ya pili ni kwamba ufa uliosimama wima kabisa hauna mwamba wa juu wala wa chini. Hilo nalo ni kweli, na ni kweli katika kila lugha, kwa kuwa hata wenye lugha nyingine huyaacha majina yao hapo. Hakuna alalaye wima. Picha inakoma palepale elimu inapokoma, na hiyo ni dalili kwamba picha ni nzuri. Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kwamba neno mfuniko laweza kudhaniwa kuwa ni udongo na mawe yaliyoifunika ardhi yenye madini, ambayo huondolewa kabla ya kuchimba. Lakini wachimbaji wenyewe wamekwisha kulitatua tatizo hilo, kwa kuwa hayo huyaita kifusi.

Yaweza kuulizwa pia kwa nini isitumiwe jozi ya kitenzi kimoja, kama mwamba ulaliao na mwamba ulaliwao, ambayo kisarufi ni safi na inaonyesha uhusiano uleule. Jibu lake liko masikioni. Maneno hayo yanatofautiana kwa sauti moja tu, na katika kelele za nyundo na mashine sauti hiyo itapotea. Istilahi itakayotumiwa mahali ambapo mtu huonywa kwa ukelele yapasa isikike tofauti na mwenziwe tangu silabi ya pili. Mfuniko na mtandiko zimetimiza sharti hilo.

Hitimisho

Kiswahili si mgeni chini ya ardhi. Katika Katanga, tangu enzi za kampuni ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906, kilikuwa lugha ya kazi katika miji ya machimbo. Katika maeneo ya dhahabu ya Tanzania wachimbaji wadogo wana msamiati wao kamili: shimo la kuchimbia ni duara, mashine ya kuvunjia mawe ni karasha, na mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa ni marudio. Maneno hayo hayakutoka kwa kamati yoyote. Yametoka katika kazi, na mwana istilahi anayeketi ofisini akiyapuuza atakuwa amemfuata Bech badala ya Agricola.

Katika Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali. Wachimbaji hao, wa Migori, Kakamega na kwingineko, huingia chini ya mwamba wakiwa na vifaa vichache, na mashimo huporomoka na kuua. Mafunzo ya usalama watakayopewa hayana budi kuwa katika lugha wanayoielewa wote, na neno la kwanza katika mafunzo hayo ni jina la mwamba unaoua. Mwalimu atakayewaambia waangalie 'ukuta unaoning'inia' atawafanya watafute ukuta, nao watatazama ubavuni huku hatari ikiwa kichwani.

Kwa hiyo jozi ya mfuniko na mtandiko haitolewi hapa ili iingizwe kamusini kwa amri. Inatolewa ili ipelekwe machimboni ikajaribiwe. Kama katika shimo fulani la Migori wachimbaji wamekwisha kuupa mwamba huo jina lao, na jina hilo likafaulu kipimo cha kisima na kipimo cha Iten, basi jina hilo ndilo listahililo kuandikwa, nayo mfuniko na mtandiko yaachwe yabaki kitandani.